Vipepeo Wawili Weupe

Kipepeo ninayetaka kumwandika hapa si mzuri sana wa kutazamwa. Mabawa yake ni meupe, yenye ncha za mviringo, na dume ana doa la kijivu katika ncha ya bawa la mbele, kana kwamba mtu amemshika kwa kidole chenye majivu. Huruka chini chini, polepole, pasipo nguvu, mfano wa kipande cha karatasi kilichopeperushwa kikachokwa na upepo. Atuapo hufumba mabawa yake wala hayafumbui hata jua likiwa kali, kwa hivi mtu atakaye kumwona upande wa juu hana budi kumtazama angali akiruka. Jina lake katika vitabu ni Leptidea sinapis. Neno la pili alipewa na Linnaeus, bingwa wa Uswidi, katika mwaka 1758, na maana yake ni "wa haradali". Walakini kiwavi wake hali haradali kamwe; hula majani ya mimea ya jamii ya kunde na mbaazi iotayo mwituni. Basi tangu siku ya kwanza ya kuitwa kwake palikuwa na kosa katika jina lake, na makosa hayakuishia hapo.

Nilimjua kipepeo huyu Ayalandi, ambako nilikaa miaka mitatu nikisoma elimu ya mawe. Katika nyumba ya jirani na yangu aliishi mzee mmoja ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kupeleka barua, na ambaye alipostaafu alibaki na mazoea ya kutembea. Kila wiki ya majira ya joto, tangu mwaka 1962, alifuata njia ya reli ya zamani iliyoachwa, akiandika katika daftari vipepeo aliowaona: tarehe, mahali, idadi, na jina. Nilimwita Mzee, neno ambalo alilipenda baada ya kumweleza kuwa si tusi. Alinichukua katika matembezi yake kwa sababu, kama alivyosema, macho yake yalianza kumdanganya na yangu yalikuwa mapya. Katika mwezi wa Mei kipepeo yule mweupe alikuwa wa kawaida sana katika njia ile. Mzee alinyosha fimbo yake na kusema "sinapis", nami niliandika sinapis. Daftari zake zilikuwa kumi na tisa, na neno hilo lilikuwa katika kila moja.

Katika mwaka 2001 ilitangazwa kuwa vipepeo weupe wa Ayalandi si wa aina moja bali ni wa aina mbili. Habari yenyewe ilianza mbali. Mwaka 1988 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Pierre Réal, alitoa habari kuwa katika milima ya Pyrenees kuna kipepeo afananaye na sinapis kwa kila kitu kionekanacho kwa macho, lakini si sinapis. Alimpa jina la heshima ya Zdravko Lorković, bingwa wa Kroatia. Kwa bahati mbaya jina hilo lilikwisha tumika kwa kipepeo mwingine wa ukoo uleule, na sheria ya majina ya viumbe hairuhusu jambo hilo. Ndipo mtaalamu wa tatu alipolibadili, akamwita kipepeo huyo reali, kwa heshima ya Réal mwenyewe. Heshima ikamrudia aliyeitoa. Wataalamu wa Ayalandi waliposikia walifungua masanduku yao ya vipepeo wakavu, wakaona kuwa karibu nchi yote ilikuwa imejaa huyu wa pili. Sinapis wa Linnaeus alikuwako vilevile, lakini alionekana katika nchi ya mawe ya chokaa iitwayo Burren tu, upande wa magharibi, katika wilaya ya Clare na sehemu ya Galway.

Mzee alipokea habari hii kwa utulivu ambao sikuwa nao mimi. Alikuwa na sanduku moja la vipepeo wapatao thelathini, aliowakusanya katika ujana wake kabla hajaacha kuua. Usiku mmoja wa majira ya baridi alilileta nyumbani kwangu pamoja na hadubini ya kuazima, kwa kuwa meza yangu ilikuwa kubwa kuliko yake na mikono yangu haikutetemeka.

Naona ni vema nieleze kazi tuliyoifanya, maana ndiyo iliyonifunza jinsi ujuzi huu unavyopatikana. Tofauti ya vipepeo hawa haimo katika mabawa. Imo katika viungo vya uzazi, ambavyo ni vidogo kuliko punje ya mtama na vimefichika ndani ya tumbo. Ilitulazimu kulikata tumbo la kipepeo mkavu, kulichemsha katika maji makali ya magadi mpaka nyama ikayeyuka, kisha kuokota kwa sindano kile kilichosalia. Dume wa sinapis ana kiungo kifupi. Dume wa aina ya pili anacho kirefu zaidi, na jike wake vilevile ana njia ndefu zaidi ya kukipokea. Urefu unaozungumzwa ni kama milimita moja na nusu au mbili, na tofauti yenyewe ni sehemu ndogo ya milimita. Tulipima kwa saa tano. Madume wote wa njia ya reli walikuwa na kiungo kirefu. Wawili tu walikuwa na kifupi, na kibandiko cha karatasi kilichotungwa chini yao kwa pini kilisema: Burren, Juni 1965. Mzee alikumbuka siku ile. Alikuwa amekwenda huko na mkewe, ambaye sasa alikuwa amekwisha fariki, na ndiye aliyemshika mmoja wa wale wawili katika kofia yake.

Hapo nilitamka neno ambalo ningefurahi kama ningeweza kulirudisha. Nilisema kuwa basi karibu daftari zote kumi na tisa zilikuwa kazi bure, maana ziliandikwa sinapis mahali ambapo sinapis hakuwako. Nilikuwa kijana, na nilifikiri kuwa kusema kweli upesi ni sehemu ya elimu.

Mzee alifunika hadubini kwa kitambaa chake. Akasema, "Kijana, nimepeleka barua miaka thelathini na minane. Katika barabara yangu walikuwako watu wawili wenye jina moja na ukoo mmoja, na barua zao hazikunishinda, kwa sababu nilitazama nyumba. Jina nimelikosea, naam. Je, nyumba nimeikosea?"

Sikuwa na jibu. Siku ya pili tulifungua daftari ya kwanza, akaanza kuandika kwa kalamu ya risasi, juu ya kila sinapis wa njia ya reli, neno reali. Wino wa zamani hakuufuta. Kwa kuwa aina hizi mbili hukaa kila moja katika nchi yake huko Ayalandi, mahali palipoandikwa palitosha kumrudishia kila kipepeo jina lake. Kama angaliandika majina bila mahali, kama nilivyofanya mimi katika kurasa kadhaa kwa uvivu, zingalikuwa kazi bure kwelikweli.

Lakini swali lililonisumbua halikuwa la daftari. Ikiwa mimi, mwenye hadubini na magadi na saa tano, niliwatofautisha wadudu hawa kwa shida, na tena walipokuwa wamekufa, wao wenyewe walio hai hutofautishanaje? Maana wasingalitofautishana wangalichanganyika, na wangalichanganyika wasingalibaki aina mbili.

Jibu lilikuja baadaye kutoka Uswidi, kwa wachunguzi waliowalea vipepeo hawa na kuwatazama wakiposana. Uchumba wao una adabu ya pekee. Dume hutua mbele ya jike, uso kwa uso, akanyosha mrija wake wa kunyonyea, na kuutikisa pamoja na kichwa kushoto na kulia, huku vipapasio vyake, vyenye weupe karibu na ncha, vikimwonyesha jike ishara. Jike akimkubali hulipinda tumbo lake kumwelekea. Asipomkubali hukaa kimya, na dume huendelea kutikisa kichwa dakika nyingi kama mtu anayeomba deni kwa aliyekwisha funga duka. Ajabu ni hii: wachunguzi waliona, katika mwaka 2008, kuwa dume hajui kitu. Huwaposa majike wa aina yake na majike wa aina ya pili kwa bidii ileile. Jike ndiye ajuaye. Sinapis wa kike humkubali sinapis, na mwenziwe wa aina ya pili humkubali wa aina yake, wala hawakosei. Mpaka wote baina ya aina hizi mbili, ambao wataalamu waliutafuta kwa kisu, umesimama juu ya kukataa kwa jike.

Wala ujinga huu wa dume si mzaha mtupu. Mahali ambapo aina moja ni chache na nyingine ni nyingi, majike wa ile chache huandamwa mchana kutwa na madume wasiowafaa, na muda wa kutaga mayai hupungua. Pengine hii ni sababu mojawapo ya kila aina kupenda pake. Huko Uswidi sinapis huonekana zaidi msituni, na mwenziwe hukaa katika nyanda za majani zilizo wazi.

Nilimwandikia ndugu yangu wa Tanga habari hizi, nikapata taabu, kwa sababu Kiswahili hutuita tuwaite wote kipepeo, na nikisema "kipepeo mweupe" nimesema yote niwezayo. Yeye alinijibu kuwa huo ni mfano wa Kulwa na Doto, ambao wageni huwachanganya na mama hawachanganyi. Mfano huo ni mzuri lakini haunitoshelezi. Kulwa na Doto ni wana wa mama mmoja waliozaliwa siku moja. Vipepeo hawa waliachana zamani za zamani, na sura yao moja inatuficha umbali wao. Mimi naona mfano wa karibu zaidi umo katika lugha yenyewe. Tuna neno paa, mnyama wa porini, na tuna neno paa, kifuniko cha nyumba. Sikio haliwezi kuyatenga, na kalamu haiwezi. Lakini weka neno la pili kando yake, na siri hutoka mara moja: paa huyu, paa hili, paa amekimbia, paa limevuja. Kitenzi kinamjua mwenziwe. Hakuna Mswahili aliyewahi kusema paa limekimbia akafikiri amesema sawasawa, ingawa labda hakuwahi kufundishwa ngeli hata siku moja. Jike wa kipepeo, naona, ana sarufi ya namna hiyo.

Nilipomweleza Mzee jambo hili alicheka sana, akaniomba nimwandikie maneno yale mawili nyuma ya daftari.

Mwezi wa Mei wa mwaka wangu wa mwisho tulikwenda Burren. Mimi nilikuwa na kazi yangu ya mawe, naye alikuwa na yake. Nchi ile ni ya ajabu: mawe ya chokaa yaliyotandazwa kama sakafu iliyopasuka, na katika nyufa zake huota maua ya buluu kali na vichaka vya mihezeli visivyofika kimo cha mtu. Jua lilitoka saa tano hivi, na kutoka katika kichaka wakatoka sinapis wanne, wakiruka kwa ulegevu uleule, na doa lilelile la majivu. Nilitazama kwa muda mrefu nikitafuta kitu chochote cha kunionyesha kuwa hawa si wale wa njia ya reli. Sikukiona. Mzee hakutazama sana. Alivua kofia, akakaa juu ya jiwe, nami nikaenda mbali kidogo kupima mawe yangu ambayo hayakuwa na haja ya kupimwa.

Niliondoka Ayalandi mwaka 2003. Mwaka 2011 nilipata barua yake, na maandishi yake yalikuwa yamekuwa makubwa na ya kuyumba. Wataalamu wanne walikuwa wametoa uchunguzi mpya, wakitumia jeni na hesabu ya kromosomu, na matokeo yake yalikuwa kwamba hata ile aina ya pili ni aina mbili. Reali wa kweli ni yule wa Uhispania, kusini ya Ufaransa na Italia. Yule wa Ayalandi, aliyeenea mashariki hadi Kazakistani, ni mwingine, na viungo vyao vya uzazi havitoshi kuwatenga. Hata meza yangu na magadi yangu visingaliweza kumwona. Jina lake halikuwa na haja ya kutungwa: mwaka 1946 mtaalamu mmoja alikwisha ona kuwa sinapis wa Ayalandi wana rangi ya kijani iliyozidi upande wa chini wa bawa la nyuma, akawaita juvernica kutokana na jina la Kilatini la nchi yao. Alidhani ni tofauti ya kienyeji tu ndani ya aina moja, na jina lake lilikaa miaka sitini na mitano bila kupewa heshima kamili.

"Heri nilitumia kalamu ya risasi," aliandika Mzee. "Nimefuta reali zote. Imenichukua majira mawili ya baridi ya mvua. Na huyu aliyeona kijani mwaka 1946, nilikuwa na makala yake kabatini tangu nilipokuwa kijana, wala sikumwamini."

Katika uchunguzi wa miaka hiyohiyo lilionekana jambo jingine ambalo hunifanya nisite kila nisikiapo mtu akisema kuwa siku hizi kromosomu zimemaliza ubishi. Sinapis wa Uhispania ana kromosomu 106. Sinapis wa mashariki ya Kazakistani ana 56. Kati yao hesabu hushuka kidogo kidogo kutoka magharibi kwenda mashariki, na wote ni sinapis. Walipounganishwa kwa makusudi walizaa, na wana wao wakazaa, ingawa wajukuu wengi walikufa. Basi hapa kuna viumbe waliotofautiana karibu mara mbili katika kiini cha mwili wao, na bado ni watu wa nyumba moja. Na pale kuna viumbe wasiotofautika kwa jicho, na nyumba zao hazina mlango wa kupitia.

Mtu aweza kuuliza faida ya mambo haya yote kwa mwenye akili timamu. Nami niliulizwa na mjomba wangu, mtu wa hesabu, ambaye alitaka kujua ni nani aliyelipia. Faida moja ni ya hesabu vilevile. Kabla ya mwaka 2001 mtu aliyesoma orodha ya Ayalandi aliona sinapis amejaa kila upande, akalala usingizi. Alipoamka sinapis alikuwa na makao mamoja tu, nchi ya mawe iwezayo kuvukwa kwa miguu katika siku chache. Hakuna kipepeo hata mmoja aliyekufa usiku ule. Kilichopungua ni kosa. Ng'ambo ya bahari, Uingereza, ambako sinapis yuko peke yake bila juvernica, amepungua kweli kwa miaka mingi, kwa sababu watu waliacha desturi ya kukata miti ya msituni kwa zamu, na nafasi za jua alizozipenda zikafunikwa na vivuli. Mwenye kutaka kumhifadhi anapaswa kujua ni yupi amhifadhiye, na kuwa wale wengi wa njia za reli za Ayalandi hawawezi kuja kujaza nafasi yake.

Baada ya barua ile nilitafuta daftari yangu ndogo niliyokuwa nayo siku ya Burren. Tulipokuwa tukirudi jioni tulisimama ukingoni, mahali ambapo mawe ya chokaa huishia na mashamba yenye udongo yanaanza, ili Mzee apumzike. Vipepeo weupe walikuwa wakiruka juu ya majani kando ya ukuta, wakipita upande huu na upande ule. Nilimwuliza niandike nini. Alitazama mawe, akatazama mashamba, akaniambia niandike mahali, saa, na idadi. Ukurasa ninao. Unasema: ukuta wa mawe, saa kumi na moja jioni, weupe, kumi na saba.